Leseni ya Mtumbwi Isimsahau Mpiga Kafi



Katika Kisii na Nyamira hatuna mbuga ya taifa hata moja. Atakaye kuona twiga huenda Ruma kule bonde la Lambwe, au huvuka Transmara mpaka Maasai Mara, na fedha zake huziacha huko. Kwa hiyo neno la utalii likitajwa kwetu, si ajabu macho ya watu yakaelekea mitoni. Tunao Mto Gucha, ambao majirani zetu Wajaluo huuita Kuja. Huanzia vilima vya Kiabonyoru katika Nyamira, ukapita Kisii, ukateremka Migori hadi Ziwa Victoria. Tena tunao Sondu upande wa Kericho, ambao maji yake huko chini huendesha mitambo ya umeme ya Sondu-Miriu, megawati 60. Mtu aliyepanda gari la moshi la Nanyuki akashuka Sagana, akaona wageni wakichukuliwa katika mashua za mpira juu ya Mto Tana, hurudi nyumbani akijiuliza kwa nini biashara hiyo isifanywe kwetu.

Mimi siipingi. Vijana wetu wanahitaji kazi, na si wote watakaochuma majani chai au kuendesha pikipiki. Lakini nataka sheria ziandikwe kabla mtumbwi wa kwanza wa kukodishwa haujatiwa majini, maana zikiandikwa baadaye zitaandikwa na mwenye mitumbwi.

Kwanza ni habari ya mahali pa kushukia. Katiba ya 2010, kifungu cha 62, yasema mito ni ardhi ya umma. Kanuni za mazingira za mwaka 2006 zilitenga ukingo usiopungua meta 6 wala kuzidi meta 30 kila upande wa mto, ili usiharibiwe. Hayo ni maandishi. Nenda sasa mtoni penyewe utazame. Mahali pazuri pa kutia mtumbwi ni mahali pale pale pazuri kwa kila kitu: ukingo umeinama taratibu, chini hakuna matope, na njia ya kufika ipo tayari. Hapo ndipo akina mama huteka maji na kufua, ng'ombe hunywa, wafyatuaji matofali huchota maji yao, na makanisa yanayobatiza kwa kuzamisha huleta watu wao siku ya Sabato. Hakuna aliyepanga mahali hapo kwa barua. Pakija bwana mwenye leseni, akaweka lango na mlinzi, hao wote watakuwa wavamizi siku moja.

Atasema kwamba lazima alinde mashua zake. Ni kweli, mali hulindwa. Lakini ghala la mashua laweza kujengwa juu, nje ya zile meta 30, na mashua zikabebwa mabegani mpaka majini asubuhi. Vijana watapata ujira wa kuzibeba. Leseni iwe ya kufanya biashara ya kuchukua wageni, isiwe ya kumiliki ukingo. Huko Marekani, katika jimbo la Arkansas, uko Mto Buffalo ambao serikali yao iliufanya hifadhi ya taifa mwaka 1972. Mwenye kukodisha mitumbwi hufanya kazi kwa mkataba na hifadhi, bali mwananchi mwenye mtumbwi wake mwenyewe hutia majini bila kumwomba mfanyabiashara yeyote. Tofauti hiyo yafaa iandikwe wazi kwetu pia, hata kama leo wenye mitumbwi yao katika Gucha ya juu ni wachache mno.

Jambo la pili ndilo lililonifanya nishike kalamu. Kanuni za namna hii zina desturi ya kuanza na mwenye chombo na kuishia na mwenye chombo. Chombo kikaguliwe, chombo kilipiwe, chombo kiwe na jaketi za kuokolea. Yule anayekaa mbele na kafi mkononi, anayebeba roho za wageni sita au wanane, hatajwi. Yeye hulipwa kwa safari. Safari ikiwapo anakula, isipokuwapo analala.

Fikirini maana yake. Mvua ya Gusii hunyesha alasiri. Yaweza kumwagika Kiabonyoru na mtu wa Ogembo akawa bado juani, hajui kitu, na maji yale yanamjia. Mto unabadilika rangi, unakuwa kama chai ya maziwa, magogo yanapita. Wageni wamekwisha lipa. Mwenye mashua yuko mjini na simu yake. Mpiga kafi ndiye anayeujua mto, naye ndiye anayejua kwamba akisema hapana, leo hakuna unga nyumbani. Je, tumemwachia uamuzi au tumemfunga mdomo?

Sisi wa reli jambo hili twalijua vizuri. Dereva haondoi gari stesheni mpaka apewe ruhusa kwamba kipande cha njia kilicho mbele ki wazi. Akizuiliwa saa tatu, abiria watanuna na wakubwa watauliza, lakini mshahara wake haupungui hata senti. Ndiyo sababu aweza kutii ishara. Mkitaka kujua kama kanuni ya usalama ni ya kweli au ni ya kupamba ukuta, ulizeni kama mtu anayeitii anakatwa fedha kwa kuitii.

Basi nataka kanuni iseme hivi: kila mahali pa kushukia pachimbiwe nguzo yenye alama nyekundu. Maji yakifika alama hiyo, hakuna chombo cha wageni kinachotoka, na wafanyakazi waliofika kazini hulipwa siku yao. Hata kabla ya alama, kiongozi wa mashua akisema mto haufai, neno lake ndilo la mwisho, wala asifukuzwe kwa hilo. Na kwa kuwa maji hayajui mpaka wa kaunti, Nyamira na Kisii zipatane, mtu wa juu apige simu kwa mtu wa chini.

Wako watakaosema naogopesha watu bure. Tarehe 24 Novemba 2018, upande wa Uganda wa Ziwa Victoria, chombo cha starehe kiitwacho MV Templar kilizama na watu zaidi ya 30 wakafa. Wakuu wa serikali ya huko walisema hakikuwa na leseni na kilikuwa kimejaza watu kupita kiasi. Hakikuwa chombo cha wavuvi wala cha mizigo. Kilikuwa kimechukua watu waliokwenda kufurahi, na watu waliokwenda kufurahi hawapendi kuambiwa wakae chini wafunge jaketi. Kuwaambia hivyo huhitaji mfanyakazi asiyeogopa kupoteza kibarua.

Tena si kwamba hatuna mfano karibu. Katika fuo za wavuvi za Ziwa Victoria ziko kamati ambazo watu huziita BMU. Miongozo iliyopatanwa na nchi zetu tatu mwaka 2005 iliweka kwamba katika kamati hizo wenye vyombo wapate sehemu yao, na mabaharia wasio na chombo nao wapate sehemu yao, na wanawake wasikose. Sisemi kila ufuo unatimiza. Twajua mwenye mashua nne husikika kuliko mwenye mikono miwili. Hata hivyo imeandikwa, na baharia aweza kuonyesha kidole pale ilipoandikwa. Mtu anayechukua wageni mtoni hana karatasi kama hiyo. Kamati ya mto ikiundwa kwetu, wapiga kafi wapewe viti kwa hesabu, pamoja na wale akina mama wa pale pale wanapoteka maji.

Na neno hili la kibarua cha safari lisitumiwe kukwepa sheria za nchi. Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 37, yasema kibarua akifanya kazi kwa siku mfululizo zinazofika mwezi mmoja, hahesabiwi tena kuwa wa kutwa. Sheria ya fidia kwa walioumia kazini ni ya mwaka huo huo, nayo yamtaka mwajiri awe na bima. Mwamba ukivunja mguu wa kijana, mguu ule umevunjika kazini. Kaunti isitoe leseni mpaka imeona bima hiyo na majina ya wafanyakazi, kama inavyotaka kuona mashua yenyewe.

Kazi ya majini si kazi ya kubahatisha. Zamani za Shirika la Reli na Bandari la Afrika Mashariki, mabaharia wa meli za ziwani walikuwa watumishi wa shirika, kama sisi wa njia. Mto Gucha ni mdogo kuliko Ziwa Victoria, lakini maji ya kuzamisha mtu yamo.

Mabaraza ya kaunti zetu hayawezi kupitisha sheria bila kuwasikiliza wananchi. Kifungu cha 196 cha Katiba kinawataka wafanye hivyo. Mara nyingi siku hiyo huja wenye magari, wafanyakazi wako kazini. Kwa hiyo nimeanza kuandika karatasi ya maoni, ukurasa mmoja tu, wenye mambo haya: ukingo ubaki wazi, nguzo ya alama, malipo ya siku ya mafuriko, viti vya wapiga kafi, na bima. Wenzetu wanaokaa karibu na mto waniambie ni wapi hasa watu hushukia maji, niandike majina ya mahali hapo. Karatasi itakuwa kwa katibu wa tawi.