Gari Lililolala Uani

Msimu wa korosho ukiisha huku kwetu Mtwara na mvua zikaharibu njia za vijijini, magari mengi ya kazi huegeshwa chini ya miembe, yasiguswe mpaka msimu mwingine. Mengine husimama miaka, kwa kuwa mwenyewe amefariki na warithi hawajagawana. Huenda gari hilo ndilo lililokuwa likiwalisha mjane na watoto wake, nalo laliwa na kutu machoni pao. Basi vijana, warithi wakikubaliana liamshwe, lifanyeni kazi hiyo kwa utaratibu.

Desturi niionayo hapa Ufukoni ni kijana kuazima betri, kuingia garini na kuipiga stata hata ilie. Gari likikataa, huita wenzake walisukume. Hiyo ndiyo njia ya kuua injini iliyokuwa nzima! Pistoni zikikaa muda mrefu bila mafuta huweza kushikana na kuta za silinda kwa kutu, na kulazimisha chuma kilichoshikana ni kukivunja. Kwanza tazama oili. Ikiwa na rangi ya maziwa, maji yameingia, na usiizungushe injini kabla ya kujua yameingilia wapi. Kisha fungua plagi zote, tia oili kidogo katika kila tundu, uache usiku kucha. Asubuhi izungushe injini kwa mkono, gia ikiwa huru. Land Rover za zamani zina tundu mbele la kutilia mkono wa chuma wa kuzungushia. Ikizunguka pole pole bila kukwama, shukuru; ikigoma, ongeza oili na usubiri tena.

Betri ndiyo inayosingiziwa makosa yote, na mara nyingi ni kweli. Iliyojaa na kutulia huonyesha volti 12.6 hivi, ikishuka chini ya 12 haina kitu. Betri iliyoachwa tupu kwa miezi, bamba zake huota ugumu, na kuichaji hakuisaidii sana. Maji yakipungua ongeza maji safi ya betri, si asidi, na moto usikaribie, kwani betri ikichajiwa hutoa hewa inayolipuka. Mwenye Land Rover ya kale sana na atazame vyema kabla ya kuunganisha betri ya jirani: nyingi za zile za mwanzo zilifungwa upande wa chanya kwenye bodi, kinyume cha magari ya leo.

Na bodi hilo humdanganya mtu. Ni la alumini, halili kutu kama chuma, hivyo gari laonekana zima; kumbe fremu iliyo chini ni ya chuma, na upepo wa chumvi umekwisha kuingia katika kila kiungo cha waya. Sugua ncha za waya mpaka zing'ae, hasa ule unaoshikizwa kwenye bodi. Pointi za ndani ya distributa nazo hufunikwa na ukungu mweupe, umeme usipite; msasa laini watosha. Tazama waya zilizotafunwa na panya, na chujio la hewa pia, maana panya hupenda kuzalia humo.

Petroli ya zamani hunuka kama vanishi na huacha gundi ndani ya kabureta. Imwage yote katika chombo cha chuma, uwanjani, mbali na jiko na sigara, wala usiivute kwa mdomo. Safisha kabureta, tia petroli mpya. Gari la dizeli lina shida nyingine: maji hukaa chini ya tanki, na hewa ikiingia katika bomba injini haiwaki mpaka itolewe. Kazi hiyo mpe fundi.

Liwashe nje, si bandani, kwa kuwa moshi wake una sumu isiyo na harufu, nayo yaweza kumuua mtu akiwa amelala chumba cha pili. Likiwaka, taa ya oili isipozimika upesi, lizime mara moja. Na kabla ya kulitoa uani jaribu breki, kwani viatu vyake huganda kwenye ngoma, na mipira ya ndani huoza bila kuonekana. Watoto wasisimame mbele yake siku hiyo.