Mkulima apige hesabu kabla ya kushusha dishi

Bonasi ya majani chai inapoingia kwenye akaunti za wakulima mwezi Oktoba, wauzaji wa runinga katika miji ya mashambani huwa wamejiandaa. Sebule nyingi kuanzia Murang'a hadi Kericho zimepata runinga mpya kwa pesa hizo. Siku hizi runinga anayoonyeshwa mkulima dukani ni ile inayounganishwa na intaneti, na pamoja nayo huja ushauri usiolipiwa: shusha dishi, achana na ada ya king'amuzi ya kila mwezi, tazama kila kitu mtandaoni.

Ushauri huo una ukweli. Tatizo ni kwamba ukweli wenyewe unamfaa zaidi mpangaji wa Nairobi ambaye faiba imemfikia mlangoni, na huenda usimfae kabisa mkulima wa Kangema anayenunua data kwa simu, kidogo kidogo. Wahenga walisema usiache mbachao kwa msala upitao. Katika jambo hili mbacha ni dishi ambalo tayari limelipiwa na kufungwa juu ya paa.

Malalamiko ya wananchi dhidi ya dishi ni ya haki. Watu wamechoka kulipia makumi ya vituo ili watazame vitatu. Ada hupanda mara kwa mara, na siku zikiisha picha hukatika, awe mwenye nyumba ametazama kila siku au alikuwa shambani mwezi mzima. Tena mvua kubwa ikinyesha mawimbi hupotea, hivyo mkulima aliyekuwa akiomba mvua hujikuta akiilaumu jioni taarifa ya habari inapoanza. Si ajabu wateja wanahama. MultiChoice, kampuni yenye DStv na GOtv, ilitangaza mwaka 2025 kuwa ilikuwa imepoteza wateja milioni 2.8 barani Afrika katika miaka miwili ya kifedha, na kubakia na milioni 14.5. Mwezi Septemba mwaka huo huo kampuni ya Canal+ ya Ufaransa ilichukua usimamizi wake.

Lakini wanaohama wanaelekea wapi, na kwa gharama gani? Hilo ndilo swali ambalo muuzaji wa runinga halijibu.

Netflix ilifungua huduma zake humu nchini Januari 2016. Septemba 2021 iliwapa Wakenya wenye simu za Android mpango wa kutazama bila malipo, na Novemba 2023 ikaufunga. Waliokuwa wameuzoea wakatakiwa walipe au waache. Hata hivyo, jambo la kukumbukwa zaidi katika kisa hicho ni kwamba hata mpango ulipokuwa wa bure, data haikuwa ya bure. Mtazamaji aliendelea kununua bando lake kama kawaida.

Hapo ndipo tofauti kubwa ilipo, na inafaa ieleweke vyema. Setilaiti ya runinga hukaa angani umbali wa takriban kilomita 36,000 juu ya ikweta, ikimwaga mawimbi yale yale kwa kila dishi lililoelekezwa kwake. Haijali kama wanaotazama ni kumi au milioni moja, wala kama runinga imewashwa saa moja au saa ishirini. Intaneti haifanyi kazi hivyo. Kila anayetazama huvuta picha zake mwenyewe, na asiye na mpango usio na kikomo hulipia kila kinachovutwa. Mkulima anaweza kulifikiria dishi kama tangi la kuvunia maji ya mvua, nayo data kama mfereji wenye mita. Maji ya mfereji ni safi na huja wakati wowote, lakini mita haisimami.

Mita hiyo husoma nini? Kwa mujibu wa viwango vya Netflix yenyewe, saa moja ya picha za ubora wa kati hula takriban gigabaiti 0.7, na saa moja ya picha safi kabisa zinazoipendeza runinga kubwa huweza kula hadi gigabaiti 3. Familia inayotazama saa nne kwa siku, jambo la kawaida watoto wakiwa likizoni, hutimiza saa 120 kwa mwezi. Hizo ni gigabaiti 84 kwa picha za kati. Kwa picha safi ni gigabaiti 360. Mwenye kununua bando za kila siku anajua hizo ni pesa ngapi bila kuambiwa.

Wapo wanaosema dawa ni Starlink, intaneti ya setilaiti ya kampuni ya Elon Musk iliyoanza kuuzwa nchini Julai 2023. Ni kweli kwamba imefika kwenye mabonde na vilima ambako kampuni nyingine hazijaweka hata mlingoti. Lakini hesabu ni ile ile. Mwaka 2024 ilileta kifurushi cha gigabaiti 50 kwa Sh1,300 kwa mwezi, na asiyekuwa na pesa za kununua mtambo aliweza kuukodi kwa Sh1,950 kila mwezi, mbali na ada ya kuanzia. Jumla ni Sh3,250. Gigabaiti 50 kwa picha safi ni saa 16 na nusu hivi, maana yake kila saa ya kutazama inagharimu karibu Sh195. Akipunguza ubora wa picha atapata saa 71, yaani saa mbili na dakika chache kwa siku, kwa takriban Sh46 kila saa. Vipo vifurushi vya bei ya juu visivyo na kikomo kama hicho, ila Novemba 2024 kampuni hiyo ililazimika kusimamisha usajili wa wateja wapya Nairobi na kaunti jirani kwa sababu watumiaji walikuwa wamejaa. Usajili ulifunguliwa tena katikati ya mwaka 2025.

Kuna pia suala la stima, ambalo nadra sana kutajwa dukani. Mtambo wa kawaida wa Starlink hutumia wati 75 hadi 100. Ukiachwa umewashwa usiku na mchana hufikisha uniti 54 au zaidi kwa mwezi, kabla ya runinga yenyewe kuhesabiwa. Kwa nyumba inayotegemea sola ndogo na betri moja, huo ni mzigo mkubwa. King'amuzi cha kawaida hutumia sehemu ndogo tu ya nguvu hizo.

Mambo hugeuka kabisa palipo na faiba. Safaricom ilipobadilisha vifurushi vyake vya nyumbani Septemba 2024, wa Sh2,999 alipewa kasi ya megabiti 15 kwa sekunde. Netflix hupendekeza megabiti 5 kwa picha safi, kwa hivyo kasi hiyo inatosha runinga tatu kwa wakati mmoja, na hakuna anayehesabu saa. Mfanyabiashara anayeishi nyuma ya duka lake katika mji uliofikiwa na nyaya hizo, ambaye tayari hutumia intaneti kuagiza bidhaa na kutuma picha za nguo kwa wateja, hana sababu ya kulipia vitu viwili. Huyo anaweza kushusha dishi na asijute.

Ila kama ni mpenzi wa soka, atulie kwanza. Haki za kuonyesha Ligi Kuu ya Uingereza katika eneo hili ziko mikononi mwa SuperSport, ambayo ni ya MultiChoice. Kulipia Netflix hakumpi mtu mechi hata moja ya Arsenal wala Manchester United. Mechi hizo zinapatikana mtandaoni kwa njia halali kwa kulipia huduma ya kampuni ile ile ambayo mtu alidhani ameikimbia. Tena picha za intaneti huchelewa, wakati mwingine nusu dakika, na shabiki huambiwa bao na kelele za jirani kabla mchezaji hajapiga mpira.

Vijana wengi wataonyesha njia ya mkato: viungo vya wizi vinavyosambazwa kwa simu. Mwaka 2022 Mahakama Kuu iliamuru kampuni za Safaricom na Jamii Telecommunications zifungie tovuti 44 za aina hiyo baada ya MultiChoice kushtaki. Zikifungwa hizo hufunguliwa nyingine, ni kweli. Lakini kurasa hizo hujaa matangazo ya ulaghai, na simu inayofunguliwa humo mara nyingi ndiyo hiyo hiyo yenye M-Pesa na pesa za mauzo ya wiki nzima.

Wenye vibanda vya kutazamia soka, hoteli ndogo na vinyozi wanahitaji tahadhari ya pekee. Akaunti ya nyumbani, iwe ya dishi au ya mtandaoni, imeuzwa kwa matumizi ya familia. Kuitumia kukusanya watu na kuwatoza Sh30 mlangoni ni kuvunja mkataba na sheria ya hakimiliki, na anayeonyesha filamu kwa umma anatakiwa awe na leseni ya Bodi ya Kuainisha Filamu. Anayebadilisha dishi la biashara kwa akaunti ya mtandaoni ya nyumbani akidhani amepunguza gharama, huenda amenunua kesi.

Katika kelele hizi zote, kitu kimoja kimesahaulika, nacho ndicho cha bei ya chini kuliko vyote: antena. Nchi ilipohamia mitambo ya dijitali mwaka 2015, vituo vikubwa vikazimika kwa wiki kadhaa na wananchi wakakimbilia madukani kununua ving'amuzi. Wengi walibaki wakiamini kwamba bila ada ya mwezi hakuna runinga. Sivyo. Vituo vya humu nchini hurushwa bila malipo, na runinga nyingi mpya zina king'amuzi ndani yake tayari. Kinachohitajika ni antena na fundi wa kuielekeza kwenye mlingoti ulio karibu. Taarifa za habari, vipindi vya kuigiza, na hata mafunzo ya ukulima ya Shamba Shape Up yaliyoanza kwenye Citizen mwaka 2012, yote yalikuja kwa njia hiyo. Aliyekosa kipindi hicho hukipata pia kwenye YouTube, na akishusha ubora wa picha atajifunza kutibu ugonjwa wa kuku kwa data kidogo.

Kwa nyumba nyingi za mashambani, basi, jibu la busara ni antena kwa matumizi ya kila siku, na data kidogo kwa kile mtu anachokitaka hasa. Netflix imeruhusu filamu zihifadhiwe kwenye simu tangu 2016. Mwenye mtoto chuoni au dada mwenye faiba mjini anaweza kuzipakua huko na kuzitazama nyumbani bila kugusa bando.

Kampuni za simu nazo haziwezi kuachwa hivi hivi. Mteja huuziwa "gigabaiti 10" bila kuelezwa atazame saa ngapi, sawa na kuuziwa mbolea kwa gunia lisiloandikwa kilo. Mamlaka ya Mawasiliano inapaswa kuzitaka ziandike kando ya kila bando la kutazamia ni saa ngapi za picha za kati na ngapi za picha safi. Hesabu yenyewe haimshindi yeyote. Ni kugawanya tu. Bunge nalo liangalie kodi. Sheria ya Fedha ya 2023 ilipunguza ushuru wa bidhaa kwa intaneti kutoka asilimia 20 hadi 15, hatua nzuri, lakini juu yake kuna asilimia 16 ya VAT, na anayeumia zaidi ni yule anayenunua kidogo kidogo.

Serikali iliyoingia madarakani mwaka 2022 iliahidi kilomita 100,000 za faiba na vituo 25,000 vya Wi-Fi ya umma, yakiwemo masoko. Wafanyabiashara wa soko ambalo halijaona waya wana kila sababu ya kumuuliza mbunge wao umefika wapi. Kwao faiba si anasa ya kutazamia filamu tu. Waya ule ule hubeba bei za Wakulima Market na maagizo ya wateja.

Hadi waya huo ufike, mkulima anayevutiwa na runinga mpya anaweza kufanya jaribio la mwezi mmoja. Asilipie king'amuzi mwezi huo, ila dishi aliache palepale juu ya paa. Anunue data, aandike kila shilingi katika daftari lile lile analoandikia kilo za majani anazopeleka kituoni, na tokeni za stima pia aziandike. Watoto wasiambiwe wapunguze kutazama. Mwezi ukiisha ajumlishe, kisha alinganishe na risiti ya mwisho ya king'amuzi. Akiona data imekula zaidi, atalipia tena na picha zitarudi jioni hiyo hiyo, bila fundi wala ngazi.