MVUVI NAYE AKAE MEZANI

Ndugu wafanya kazi,

Wengine watauliza: mambo ya samaki yamhusu nini mtu wa reli? Yamhusu sana. Amri iliyotungwa ofisini bila mfanya kazi sisi tumeionja; wavuvi wa Ziwa Viktoria wanaionja hata leo.

Mwaka 1927 na 1928 mtaalamu Michael Graham alichunguza ziwa, akaona ngege wanapungua, akashauri tundu la wavu lisiwe chini ya inchi 5. Shauri lilikuwa jema. Lakini lilimfikia mvuvi kama amri tu, na nyavu za tundu ndogo hazikukoma. Mwisho sheria ikafutwa, na ngege wakawa adimu.

Kisha miaka ya 1950 na 1960 mbuta wakatiwa ziwani. Wako wataalamu walioonya, hawakusikilizwa. Na mvuvi je, nani alimwuliza? Kufika miaka ya 1980 mbuta wamejaa, na aina nyingi za fulu zimetoweka.

Siku hizi upande wa Kenya omena hufungwa toka Aprili hadi Julai wapate kuzaana. Hatupingi. Lakini baharia wa mashua hana mshahara. Hula fungu lake la samaki waliovuliwa. Aliyeandika amri hupokea mshahara miezi yote 4. Basi atakayelala njaa ndiye aulizwe kwanza! Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

Wasema mvuvi hana elimu. Si kweli. Dereva wa gari moshi hakusomea uinjinia, lakini ndiye ajuaye ni mwinuko gani magurudumu huteleza mvua ikinyesha. Injinia mwenye akili humwuliza. Mvuvi naye ajua samaki huzalia wapi. Mtaalamu ana hesabu za ziwa zima, ambazo mtu wa ufuo mmoja hawezi kuziona. Kila mmoja ana nusu, wakae pamoja.

Kanuni za mwaka 2007 zilivipa vikundi vya usimamizi wa fukwe nguvu ya sheria. Vema. Lakini kikundi kikishikwa na wenye mashua peke yao, ni tajiri yule yule amebadili koti. Twataka mabaharia wapate viti vyao, na hesabu za wataalamu zisomwe ufuoni, kwa lugha ya watu, kabla ya amri kutoka.

Nawe ndugu mvuvi, tupa wavu wa kokoro. Adaiye kiti mezani asile mbegu ya kesho.

Umoja ni nguvu.

Mtu wa Reli