Afya Nyumbani: Chembe Iliyoasi Amri
Mwili wa binadamu umejengwa kwa chembe hai nyingi mno, nazo hugawanyika kwa amri, mfano wa askari kambini. Kabla ya kugawanyika, kila chembe hukaguliwa: yenye kasoro hurekebishwa, isiyorekebika hufa. Chembe ikiasi, ikazaana bila kikomo, huwa chanzo cha saratani.

Katika bonde la Rusizi, kama huko Gatumba karibu na Bujumbura, penye joto, mafuriko na mbu, yafaa wazazi waifahamu saratani moja ya watoto. Daktari mpasuaji Denis Burkitt aliieleza mwaka 1958 kutokana na watoto aliowaona Mulago, Kampala, na baadaye akabaini kuwa hushamiri katika nchi za joto zenye malaria nyingi. Malaria ya mara kwa mara huchochea chembe nyeupe za damu kugawanyika. Zikiwa pia na virusi vya Epstein-Barr, vilivyogunduliwa mwaka 1964, kosa huweza kutokea: kinasaba kinachoamrisha kugawanyika huhama mahali pake, kisinyamaze tena. Chembe hizo huweza kuongezeka maradufu kwa siku moja au mbili.

Basi taya la mtoto likivimba, meno yakalegea, au tumbo likajaa, isidhaniwe ni jino tu, wala isingojewe siku ya mshahara. Apelekwe hospitali upesi, kwani akiwahi, dawa huweza kumponya. Na kila usiku alale ndani ya chandarua.