Kisu cha Daktari si Mwisho wa Kazi

Umezuka uongo ambao hauna budi kupingwa hadharani, kwa maana wanaouamini watakuja kuulipia kwa miili yao. Uongo huo unasema kwamba mtu mnene akishafanyiwa operesheni ya kupunguza mfuko wa chakula, shauri lake limekwisha. Eti ale apendavyo, anywe apendavyo, akae kitako mchana kutwa, na mwili utajipunguza wenyewe hadi mwisho wa maisha yake. Mfanyabiashara wa Tunduma au mkulima wa kahawa wa Mbozi anayekusanya akiba ya miaka mingi kwenda kutafuta tiba hiyo anastahili kuambiwa ukweli kabla ya kutoa hata shilingi moja.

Kwanza ieleweke operesheni yenyewe ni kitu gani. Katika aina inayotumika sana, daktari huondoa takriban robo tatu ya mfuko wa chakula, au zaidi, akabakiza mrija mwembamba mfano wa ndizi. Katika aina nyingine, iliyoanzishwa Marekani na Dk. Edward Mason katika miaka ya 1960, hutengenezwa kifuko kidogo kinachounganishwa na utumbo, ili chakula kiruke sehemu kubwa ya tumbo. Lipo pia puto linaloingizwa kupitia mdomoni bila ya kupasua, ambalo huondolewa baada ya miezi kadhaa. Hapa nchini, Hospitali ya Taifa Muhimbili, tawi la Mloganzila, imekuwa ikitoa huduma hizo katika miaka hii ya 2020. Hayo ni maendeleo ya kujivunia. Lakini maendeleo hayo yatageuka hasara endapo mgonjwa atarudi nyumbani na mazoea yale yale aliyoondoka nayo.

Ushahidi upo. Uchunguzi mkubwa wa Sweden, ulioanza mwaka 1987 na kuwafuata maelfu ya watu kwa miaka mingi, ulionyesha mambo mawili kwa pamoja. Waliofanyiwa operesheni walipungua sana, na vifo miongoni mwao vilikuwa vichache kuliko miongoni mwa wanene wenzao ambao hawakufanyiwa. Lakini uzito wao ulifika chini kabisa katika mwaka wa kwanza au wa pili, kisha sehemu yake ikaanza kurejea. Maana yake ni dhahiri. Kisu humpa mgonjwa muda wa kujenga tabia mpya huku njaa ikiwa imepungua. Asiyeutumia muda huo ameutupa, na hakuna duka linalouza mwingine.

Tabia zenyewe si siri. Chakula kiwe kidogo, kitafunwe taratibu, na mlaji aache mara tu anapohisi kushiba. Protini itangulie: maharage, mayai, dagaa, kuku au samaki, ndipo ugali ufuate kwa kipimo. Wataalamu wengi hushauri gramu 60 za protini kwa siku au zaidi, ili mwili usile misuli yake wenyewe. Maji yasinywewe pamoja na chakula, bali nusu saa baadaye. Soda na vitu vitamu viachwe. Kwa baadhi ya waliofanyiwa operesheni, hasa ile ya kuruka utumbo, sukari huteremka kwa kasi na kuleta jasho, mapigo ya moyo ya haraka na kuharisha. Mtu atembee au afanye kazi ya mwili kwa dakika 150 kwa juma, na apande mizani kila juma bila ya kujidanganya.

Mkoa wa Songwe hauna kisingizio. Mbozi inatoa maharage na mboga, Ziwa Rukwa linatoa samaki, na kuku wa kienyeji wamejaa vijijini. Vyakula ambavyo mgonjwa anavihitaji viko sokoni kwa bei ya wananchi, na havitoki ng'ambo katika makopo ya bei ya kuruka. Mwenye kudai kwamba amerudia chipsi na soda kwa kukosa chakula kingine anasema maneno matupu.

Hata hivyo, itakuwa dhuluma kumtwisha mgonjwa lawama zote. Tunduma ni mji wa kukaa. Dereva wa lori hukaa usukanini, kisha hukaa akingoja hati zake. Wakala wa forodha hukaa mezani, na mwenye duka hukaa kaunta tangu alfajiri hadi usiku. Kituo cha pamoja cha Tunduma na Nakonde, kilichozinduliwa mwaka 2019, kimerahisisha ukaguzi wa mizigo inayovuka mpaka, lakini hakuna kituo kinachokagua sahani. Na juu ya hayo yapo mazoea ya ukarimu yaliyopotoka. Mtu aliyepungua huambiwa kwamba ana maradhi au kwamba biashara yake imefilisika. Ndugu humsukumia sahani ya pili, na akikataa huitwa mwenye maringo. Jamaa wa namna hiyo wajue kwamba wanamrudisha mwenzao kwenye kisukari na shinikizo la damu kwa mikono yao. Ukarimu wa kweli ni kuuliza mgeni anaweza kula kiasi gani, kisha kumheshimu.

Pombe nayo itajwe bila ya kuogopana. Baada ya operesheni, hasa ile ya kuruka utumbo, pombe huingia katika damu kwa haraka zaidi na kwa nguvu zaidi. Chupa moja yaweza kufanya kazi ya chupa kadhaa, na hatari ya mtu kuwa mtumwa wa ulevi huongezeka. Anayesherehekea wepesi wake kwa bia au komoni anaacha shimo moja ili aingie jingine.

Lakini hatari iliyojificha kuliko zote ni kusahau vitamini na vipimo. Mfuko uliopunguzwa haupokei vyema madini ya chuma na vitamini B12 kama zamani, na kalsiamu nayo yahitaji kuangaliwa. Vidonge hivyo si vya mwezi mmoja, ni vya maisha yote. Upungufu wa B12 waweza kuchukua miaka kabla ya kujitokeza, na mgonjwa akadhani yu mzima huku damu na neva zikiharibika. Mwenye kutapika kwa siku nyingi akikosa vitamini B1 aweza kudhurika ubongo. Mwanamke naye hushauriwa asishike mimba kwa miezi 12 hadi 18 baada ya operesheni. Mambo haya hayatibiwi kwa uvumi wa mtaani wala kwa unga wa kupunguza uzito unaochuuzwa bila ya jina la mtengenezaji.

Hapa ndipo wajibu wa hospitali unapoingia. Kutoka Tunduma hadi Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 900. Haiingii akilini kwamba mtu asafiri mwendo huo kila mara apimwe wingi wa damu. Mgonjwa asiruhusiwe kuondoka bila ya barua inayoeleza alichofanyiwa, dawa zake na ratiba ya vipimo. Barua hiyo ipokelewe na hospitali ya mkoa iliyoko Vwawa, au na Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Mbeya pale shauri linapokuwa zito. Maofisa lishe wa halmashauri wamjue kwa jina, wasingoje semina.

Wapo watakaobeza na kusema kwamba unene ni shauri la wenye nafasi. Hao wanasutwa na takwimu za taifa. Uchunguzi wa mwaka 2015-16 ulionyesha kwamba asilimia 28 ya wanawake wa Tanzania wenye umri wa miaka 15 hadi 49 walikuwa na uzito uliozidi kiasi. Si wote wanaohitaji kisu, na wengi wao hawatakiona kamwe. Lakini tabia zinazomlinda aliyepasuliwa ndizo zile zile zitakazomwepusha jirani yake asifike kwenye meza ya upasuaji.

Mwaka 1973 taifa hili liliendesha kampeni ya Mtu ni Afya, na mwaka 1975 ikafuata Chakula ni Uhai. Wananchi walikusanyika katika vikundi kusikiliza redio, kisha wakaenda kuchimba vyoo na kulima mboga. Hakuna aliyeambiwa ameze kidonge akalale. Waliambiwa wabadili mazoea, na wengi waliyabadili. Aliyefanyiwa operesheni leo anatakiwa kufanya jambo hilo hilo kila siku mezani pake, na waliomzunguka wanatakiwa kumwacha alifanye.