Mto wetu Lubumbashi unaenda wapi?



Siku moja tulikuwa tunafundisha jiografia katika mwaka wa tano. Tuliandika ubaoni majina ya mito mikubwa: Lualaba, Kasai, Nili, Amazon. Mtoto mmoja wa nyuma akanyoosha mkono: «Mwalimu, na huu mto wetu wa hapa unaenda wapi?» Tukamwambia ni swali zuri, kila mtoto akamwulize mama yake nyumbani.

Kesho yake majibu yakaja. Mmoja alisema: «Mama anasema unaingia Zambia.» Wa pili: «Mama anasema unaishia kwenye kiwanda.» Wa tatu akasema: «Mama amesema niache maswali, nibebe bido niende kuteka maji.» Darasa lote likacheka, na sisi tukacheka. Lakini jioni tulipokutana na walimu wenzetu, tuliona kwamba hata sisi wakubwa, tuliozaliwa hapa, wengi hatukuweza kueleza njia yote ya mto ambao mji wetu unaitwa kwa jina lake. Ndiyo sababu juma hili tunaandika juu yake.

Njia ya maji

Mji wetu uko juu sana, karibu meta 1,200 juu ya bahari. Mto Lubumbashi ni mto mdogo. Unashuka kutoka kaskazini kwenda kusini, unapita upande wa magharibi ya mji, karibu na kile kiwanda cha zamani chenye shemine ndefu. Njiani maji yake yalifungwa kwa ukuta yakafanya ziwa dogo, lile tunaloliita Lac Tshombe. Baadaye unaingia katika mto Kafubu, kusini ya mji.

Kafubu inakwenda mashariki mpaka Luapula, mto mkubwa ulio mpaka wetu na Zambia. Kwa hiyo yule mama aliyesema «unaingia Zambia» hakuwa mbali na kweli: maji yetu yanafika mpakani, na watu wa pande zote mbili wanayatumia. Luapula inapita Kasenga, inaingia ziwa Moero, ambalo wenzetu wa Zambia wanaliita Mweru. Ziwa hilo liko karibu meta 920 juu ya bahari, maana yake maji yetu yameshuka karibu meta 300 toka hapa. Maji yanatoka ziwani upande wa Pweto kwa jina lingine, Luvua. Kule Ankoro, Luvua inakutana na Lualaba. Lualaba inapanda kaskazini mpaka Kisangani, inakuwa mto Kongo, inageuka magharibi, inapita Mbandaka na Kinshasa na Matadi, na kule Moanda inaingia bahari ya Atlantiki.

Tuliwachorea watoto njia hiyo ubaoni kwa chaki ya buluu. Ule mtoto wa nyuma akauliza tena: «Basi, maji ninayonawa hapa, mtu wa Kinshasa anaweza kuyaona?» Tukamjibu ndiyo, ingawa yatakuwa yamechanganyika na ya mito mingine mingi sana. Akanyamaza kidogo, halafu akasema: «Basi tusiweke mambo mabaya ndani.» Tuliandika neno hilo katika daftari yetu, na tutalirudia mbele.

Mtoto aliyechukua jina la mama

Watu wa inchi hii walifua shaba miaka mingi sana kabla ya Wazungu. Walikuwa na tanuru za udongo, wakamwaga shaba katika umbo la msalaba, na misalaba hiyo ilikuwa feza. Ndiyo maana tunaikuta mpaka leo katika majumba ya makumbusho.

Kampuni ya Union Minière du Haut-Katanga iliundwa mwaka wa 1906. Ilipotafuta mahali pa kujenga kiwanda cha kuyeyusha shaba, ilichagua kando ya mto Lubumbashi. Tanuru kubwa inahitaji maji mengi ya kupoza, na mgodi wa Étoile haukuwa mbali. Mwaka wa 1910 reli kutoka Rhodesia ikafika, nayo ikaleta mashini na makaa ya mawe. Mwaka uleule Emile Wangermée, mkubwa wa serikali ya Katanga, alianza kupanga barabara za mji mpya. Tarehe 30 Juni 1911 shaba ya kwanza ilimwagwa katika kiwanda hicho.

Mji ulipewa jina la Élisabethville, kwa heshima ya malkia wa Ubelgiji. Lakini mto uliendelea kuitwa kwa jina lake. Mwaka wa 1966 jina la malkia liliondolewa, na mji ukaitwa Lubumbashi. Tunapenda kuwaambia wanafunzi hivi: mama yupo kwanza, mtoto anakuja nyuma. Mji ulikaa miaka zaidi ya 50 na jina la mgeni, halafu ukarudi kuchukua jina la mama yake.

Samaki waliorudi kwa njia ya barabara

Katika miaka ya kwanza, wafanyakazi waliletwa bila wake zao. Mwishoni mwa miaka ya 1920 Union Minière iliona faida ya kuwaacha wanaume waishi kambini pamoja na wake na watoto. Bibi zetu wengi walifika wakati ule, wengine toka Kasai, wengine toka Rwanda na Burundi, wengine toka vijiji vya hapa Katanga. Walikuta posho kila juma: unga, maharagwe, mafuta, chumvi, na samaki.

Samaki hao walitoka wapi? Wengi walitoka Luapula na ziwa Moero. Pale Kasenga wafanyabiashara Wagiriki walinunua samaki kwa wavuvi, wengine wao wakavua wenyewe, wakawapakia katika makamyo mpaka Élisabethville. Yaani maji ya mto wetu yalishuka mpaka Luapula, na samaki wa Luapula wakapanda barabara kuja kulisha watoto wetu.

Kati ya samaki hao, wazee wanamkumbuka mpumbu. Kila mwaka, mvua zilipoanza, mpumbu walipanda Luapula kwa makundi makubwa kwenda kutaga mayai. Ilikuwa rahisi kuwakamata wakati huo, wakiwa na mayai tumboni, na biashara ilitaka samaki wengi zaidi kila mwaka. Kufika mwisho wa miaka ya 1940 makundi yale yalikuwa yamekwisha. Hakuna aliyepanga kumaliza mpumbu. Kila mmoja alichukua sehemu yake tu, na sehemu za wote zikawa ni samaki wote.

Mambo ya leo

Shemine ya kiwanda ilivuta moshi miaka mingi. Upepo wa hapa mara nyingi unatoka kusini-mashariki, ukaupeleka moshi upande wa kaskazini-magharibi, na kule kuna udongo ambao mpaka leo hauoti hata majani. Makapi ya shaba yakawa ule mlima mweusi unaoonekana toka kila kona ya mji. Leo kuna viwanda vingine vingi, na migodi karibu na nyumba za watu.

Mwanzo wa Novemba 2025 sisi sote tuliona jambo baya: bwawa la maji machafu la kampuni moja ya madini lilipasuka, maji yakamwagika katika mitaa ya watu. Waziri wa Migodi akasimamisha kazi za kampuni ile. Wamama walikuwa wanapita katika maji yale miguu mitupu, watoto mgongoni.

Waganga na wenye elimu wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi, pamoja na wenzao wa Leuven huko Ubelgiji, wamefanya uchunguzi wa mkojo wa watu wa Katanga. Mwaka wa 2009 walitangaza kwamba watu wanaokaa karibu na migodi na viwanda, chini ya kilometa 3, walikuwa na kobalti na metali nyingine nyingi mwilini kuliko wale wanaokaa mbali. Mwaka wa 2020 walitangaza uchunguzi mwingine, uliofanywa katika maternite za Lubumbashi, juu ya watoto wanaozaliwa na kilema. Waliona kwamba hatari ilikuwa kubwa zaidi kama baba anafanya kazi inayohusu madini. Wamama, tusome vizuri: hawakusema kila mtoto wa mchimbaji atazaliwa na kilema, wala hawakusema ni kosa la mama. Kule kwetu mtoto akizaliwa hivyo, familia inamtazama mama kwanza. Hiyo iishe.

Sasa tuseme jambo gumu. Katika kikundi chetu kuna mama anayelima lengalenga katika bonde la mto. Kwa kazi hiyo analipia watoto wanne masomo. Tulipomwambia habari hizi alituuliza: «Nikiacha, ninyi walimu mtanilipia minerval?» Hatukuwa na jibu. Kumwambia mtu «acha» bila kumwonyesha pa kushika ni maneno matupu. Lakini kunyamaza nako ni kumdanganya, maana watoto wake ndio wa kwanza kula mboga zile.

Tunaweza kufanya nini

Kwanza, tusichanganye mambo mawili. Kuchemsha maji kunaua vijidudu vya kipindupindu na vya kuhara. Tuendelee kuchemsha, hasa wakati wa mvua. Lakini kuchemsha hakuondoi shaba wala kobalti. Maji yanapungua katika chungu, metali inabaki. Kwa hiyo maji ya mto unaopita karibu na kiwanda tusiyanywe wala kupikia bukari, hata yakichemshwa.

Pili, mboga tuzioshe mara mbili au tatu katika maji safi nyumbani, si mtoni. Vumbi lenye metali linakaa juu ya majani, na sehemu kubwa ya vumbi hilo inaondoka kwa kuosha. Ile iliyoingia ndani ya mmea kwa mizizi haiondoki. Kwa hiyo mama mlimaji akipata nafasi, achague bustani mbali na mferji wa kiwanda, amwagilie maji ya kisima. Wenzetu watatu wa kikundi wamekwisha kuchanga feza wakachimba kisima kimoja pamoja. Mtu mmoja peke yake hangeweza.

Tatu, watoto wadogo wanacheza chini na kuweka mikono mdomoni. Tuwanawishe mikono kabla ya kula, kila mara. Nyumba tuifagie baada ya kunyunyiza maji kidogo, ili vumbi lisiruke.

Nne, baba anayerudi toka mgodini au kiwandani aoge na kubadili nguo kabla ya kumbeba mtoto. Nguo zake za kazi zifuliwe peke yake, zisichanganywe na vikwembe vya mtoto. Tumwambie kwa upole, si mbele ya wageni. Baba anayempenda mtoto wake atasikia.

Tano, mahali maji yamebadili rangi, au samaki wamekufa, tusingoje. Twende watatu au wanne kwa mkubwa wa kartie, na barua iliyoandikwa tarehe, saa na mahali. Barua ipigwe mhuri wa kupokelewa, na nakala ibaki kwetu. Mama mmoja akilalamika, wanasema ni kelele. Barua yenye majina 20 ni vigumu kuitupa. Asiyejua kuandika aje kwetu walimu, tutaandika pamoja naye.

Na sisi wenyewe tujitazame. Si viwanda tu vinavyochafua mto. Mifuko ya plastiki, taka za soko, na mambo mengine tunayotupa usiku tukidhani mvua itayabeba, yote yanashuka Kafubu, yanafika Luapula. Kule kuna mama wa Kasenga anayeteka maji asubuhi na bido kama letu. Yeye hatujui sisi, lakini sisi sasa tunamjua.

Tunaomba kila mama, juma hili, amwulize mtoto wake swali lile: «Mto wetu unaenda wapi?» Asipojua, mtaje naye majina pamoja: Lubumbashi, Kafubu, Luapula, Moero, Luvua, Lualaba, Kongo, bahari. Ni majina manane tu, yanajifunzwa wakati wa kuchambua sombe. Na mtoto akisema kama yule wetu wa nyuma, «basi tusiweke mambo mabaya ndani», jueni kwamba somo limeingia.

Juma lijalo tutaandika juu ya mito ya Lufira na bwawa la Mwadingusha, lililoanza kutoa umeme mwaka wa 1930, na sababu gani taa zetu zinazimika. Tubaki na amani.