Salio la intaneti lisifutwe



Nazungumzia vifurushi vya intaneti ya nyumbani. Uniti za LUKU ukinunua leo, hata mwakani zitawasha taa. GB zikifika siku 30 zinafutwa. Mwezi uliopita tulikwenda msibani wiki mbili. Tuliporudi salio letu halikuwepo.

Makampuni husema mnara una gharama kila siku, utumike usitumike. Sawa, basi watuuzie siku! Wakitupimia GB na siku kwa pamoja, mteja hubanwa kotekote: zikiisha mapema anunue tena, zikibaki azipoteze.

Aprili 2021 wananchi walipolalamika, Serikali ilisimamisha bei mpya za vifurushi mara tu zilipoanza. Uwezo upo. Naiomba TCRA iagize salio lihamie mwezi unaofuata, bila mteja kulazimishwa kununua kwanza.

Msomaji,
Morogoro.